Kuchagua neno la Kiingereza kwa kitu kinacholemea macho

Neno "overwhelming" ndilo hutangulia kumjia anayeandika Kiingereza akitaka kusema kwamba alichokiona kimemzidi. Mara nyingi halitoshi. Linataja kilichompata mtazamaji, halisemi kimesababishwa na nini: mwanga, ukubwa, rangi, au wingi wa vitu? Kitenzi cha zamani kilichomo ndani yake, "whelm", kilikuwa na maana ya kupindua au kufunika, na mpaka leo neno hukaa vizuri zaidi karibu na mizigo, hisia na hesabu: "overwhelming grief", "overwhelming evidence", "an overwhelming majority". Ukiandika "an overwhelming painting" ukaweka nukta, msomaji bado anangoja uendelee.

Hatua ya 1: Kamata kinacholishinda jicho

Kabla ya kufungua kamusi, andika sentensi moja ya Kiswahili isiyo na kivumishi cha sifa wala cha lawama. Eleza tu jicho linafanyiwa nini. Linatiwa kiwi? Halina pa kutua? Linashindwa kufika mwisho wa kitu? Jibu lako ndilo linaloamua uingie kundi gani la maneno.

Ikiwa ni mwanga, kuna "dazzling", "blinding" na "glaring". "Dazzling" ni kutia kiwi hasa, na linafaa pande zote mbili: almasi ni "dazzling", na taa za gari linalokuja mbele yako usiku zinaweza "dazzle" dereva hadi asione barabara. Ndani yake mna pia hali ya kuchanganyikiwa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1917, Waingereza walianza kuchora meli zao mistari mikubwa inayogongana, kwa wazo la mchoraji Norman Wilkinson, wakaita mtindo huo "dazzle". Meli ilionekana wazi kabisa. Lengo lilikuwa adui aliye kwenye nyambizi akosee kukadiria inaelekea wapi. "Blinding" ni kali zaidi, na hupenda kufuatwa na "light", "flash" au "sun". "Glaring" ni lawama tupu: mwanga unaokera. Nje ya mwanga hutumika kwa kosa lililo wazi mno, "a glaring error".

Ikiwa ni ukubwa, angalia umbo kwanza. "Vast" huenda na kilichotandazika: jangwa, bahari, uwanda. "Towering" ni cha kwenda juu. "Imposing" ni jengo au mtu ambaye ukubwa wake unakufanya ujihisi mdogo, na hapo ndipo linapotofautiana na "impressive", ambalo linasifia kitu bila kukukandamiza wewe unayekitazama. "Staggering" liachie tarakimu: gharama, idadi, umbali.

Ikiwa ni mwendo au kimo, "dizzying" linatosha. Kwa michoro inayobadilika-badilika kuna "kaleidoscopic", kutokana na "kaleidoscope", kile kibomba cha vioo cha kuchungulia michoro ya rangi, alichokipatia hataza mwanasayansi wa Uskoti David Brewster mwaka 1817. Kwa kuwa bomba hilo huzungushwa, neno linataka mabadiliko; ukuta wenye rangi nyingi usiosogea haulistahili sana.

Wingi na rangi ndiko wengi wanakoteleza, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Wingi wa vitu au nakshi. "Busy" ni la mchoro au muundo wenye mambo mengi hadi jicho linakosa pa kupumzika: "The wallpaper is too busy." Anayelijua kwa maana ya shughuli tu huona ajabu ukuta kuwa na shughuli, lakini hivyo ndivyo wabunifu wanavyosema. Angalizo: "a busy street" ni barabara yenye watu na magari, haihusiani na urembo wake. "Cluttered" ni vitu vilivyorundikana bila mpango, kama meza, chumba au skrini ya simu. Kitambaa hakiwezi kuwa "cluttered", kwa sababu maua yake yalichapishwa kwa makusudi. "Crowded" ni kubanana. "Ornate" ni nakshi nyingi zilizofanywa kwa ustadi, na "intricate" ni nakshi ndogondogo zilizofumana; haya mawili hayalaumu.

Rangi. Hapa Kiingereza kina msamiati wa dharau usio na mfano. "Garish" ni rangi kali zisizopatana, zinazoumiza. "Gaudy" ni madoido yaliyopita kiasi, hasa vito, mapambo na vitu vya kung'aa. Yanakaribiana sana, lakini ukiwa na taa za rangi ukutani andika "garish", na ukiwa na mkufu mkubwa wa dhahabu bandia andika "gaudy". Mkufu huohuo ukiwa umekwisha kuchakaa na kuonekana rahisi, umekuwa "tawdry", neno lililotokana na utepe wa shingoni uliouzwa kwenye maonyesho ya Mtakatifu Audrey, huko Ely, Uingereza. "Flashy" ni la anayetaka watu wamtazame: gari, saa, suti. "Loud" ni la nguo na michoro ya vitambaa, "a loud shirt". Usilipeleke kwenye mandhari. "Lurid" lina giza ndani yake: Kilatini chake kilihusu rangi ya manjano iliyopauka kama ya maiti, na sasa ni rangi kali yenye kuchukiza au kutisha, au habari zilizotiwa chumvi ya damu, "lurid details". Machweo yakiwa "lurid", msomaji anatarajia balaa.

Hatua ya 2: Amua kama unasifu au unalaumu

Kosa linaloharibu zaidi ni kumsifu mtu kwa neno la lawama. Anayeandika "Your house is so gaudy" akidhani anasema nyumba imependeza ametukana. Jozi hizi zinaeleza kitu kilekile kwa macho mawili: rangi kali ni "vibrant" kwa aliyependa na "garish" kwa aliyechukia, mchoro uliojaa ni "intricate" au "busy", utajiri unaoonekana ni "opulent" au "ostentatious".

Kuna kipimo chepesi. Weka "too" mbele ya neno. "Too busy", "too loud", "too flashy" hutiririka, kwa hiyo maneno hayo yako tayari kulalamika. "Too breathtaking" hukwama. Kipimo hiki si sheria, ila kinakuonya mapema. Baada yake fungua kamusi ya wanafunzi, kwa mfano ya Oxford, utafute alama ya "disapproving" kabla ya maana. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili peke yake haitakusaidia hapa, kwa sababu "-a kupendeza mno" na "-a kuzidi mno" huweza kutafsiri maneno yanayopingana.

Yapo pia maneno yaliyohama upande. "Awful" na "awesome" yote yalitoka kwenye "awe", ile hofu iliyochanganyika na heshima. Leo "awful" ni baya kabisa na "awesome" limechakaa kwa matumizi ya kila siku, hata kwa kikombe cha chai. Ukitaka uzito wa zamani, andika "awe-inspiring".

Hatua ya 3: Pima nguvu

"Striking" ni kinachovuta macho, basi. "Stunning" kimekuacha umeduwaa. "Breathtaking" kiko juu kabisa, na hupendelea mandhari, uzuri na kasi. Maneno haya mawili ya mwisho tayari yamebeba kilele, ndiyo maana "very breathtaking" linasikika vibaya. Tumia "absolutely" au "truly", au liache peke yake. Kwa "busy", "loud" na "ornate" mambo ni kinyume: "very ornate" ni sawa, "absolutely ornate" si sawa.

Hatua ya 4: Angalia jirani yake

Neno sahihi likiwekwa kando ya nomino isiyo yake hugeuka geni. "Breathtaking view", "dazzling display", "bewildering array", "spectacular sunset" ni ndugu wa siku nyingi. Ukishuku, nenda mtandaoni kwenye korpasi ya COCA, yaani mkusanyo wa matini wenye zaidi ya maneno bilioni moja ya Kiingereza cha Marekani, uandike "dazzling NOUN". Utapata orodha ya nomino zinazoandamana nalo, kuanzia zinazotokea mara nyingi zaidi. Nomino yako isipoonekana hata mara moja, rudi hatua ya 1.

Hatua ya 5: Kagua sarufi

Kitu ni "-ing", mtu ni "-ed". "The lights were dazzling", "I was dazzled by the lights." Ukiandika "I was overwhelming" umesema wewe ndiye uliyewalemea wengine. Baada ya "dazzled" na "stunned" tumia "by". Baada ya "overwhelmed", "by" au "with". Kivumishi cha maoni hutangulia cha rangi: "a garish green sign", si "a green garish sign".

Mfano mzima

Kiswahili: ukumbi una dhahabu toka sakafuni hadi darini, vioo pande zote, na jicho halina pa kutua. Rasimu ya kwanza huwa "The hall was very overwhelming." Tatizo letu ni wingi wa nakshi pamoja na mng'ao. Kama tumependa: "Gilt and mirrors covered every wall, and the effect was dazzling." Kama hatukupenda: "The hall was so gaudy that the eye had nowhere to rest." Kama hatutaki kuchukua upande: "The hall was extremely ornate."

"Overwhelming" nalo halijapigwa marufuku. Litumie, ila mpe msomaji chanzo ndani ya sentensi ileile. Neno "sheer" hufanya kazi hiyo vizuri, likifuatwa na "size", "scale" au "number": "The sheer number of signs was overwhelming."