Damu Chooni Ina Majina Mengi Huku Ziwani: Somo kwa Wanaojitolea

Wengi mmeniomba niandike hatua kwa hatua namna tunavyoendesha kikundi chetu cha kuhamasisha watu na kuwasaidia wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana hapa Mwanza, ili nanyi wa Sengerema, Magu na Ukerewe muanzishe chenu. Mimi si daktari. Nilikuwa nauza vitenge Makoroboi hadi mdogo wangu alipougua.

Yeye ni mvuvi wa dagaa, na wakati huo alikuwa na miaka 41. Alianza kuona damu kwenye choo kikubwa. Kwenye duka la dawa wakamwambia ni amiba. Mwezi uliofuata ikawa kichocho, akameza prazikwanteli. Baadaye ikawa bawasiri, akauziwa dawa ya kupaka na mizizi ya kuchemsha. Ilipita miezi 14 hivyo, suruali zikimpwaya kiunoni, mpaka daktari mmoja alipovaa glovu akampima kwa kidole. Uvimbe aliugusa hapo hapo.

Siwalaumu wote waliotangulia. Kichocho cha tumbo kipo kweli kandokando ya ziwa hili na kinaleta damu chooni. Amiba ipo, bawasiri ipo. Ndiyo maana saratani hii inajificha vizuri huku kwetu: imezungukwa na magonjwa yanayofanana nayo, na kila moja lina dawa ya bei nafuu. Kazi yetu sisi tunaojitolea si kuongeza jina lingine kwenye orodha hiyo. Ni kumfikisha mtu kwenye kipimo, na kuwa naye mpaka majibu yatoke.

Hatua ya 1: Jueni ugonjwa wenyewe

Saratani hii huanzia kwenye ukuta wa ndani wa utumbo mpana au puru, ile sehemu ya mwisho kabla ya njia ya haja kubwa. Mara nyingi huanza kama kinyama kidogo ambacho wataalamu hukiita polipu. Polipu nyingi hazigeuki kuwa saratani, na zile zinazogeuka huchukua miaka, mara nyingi kama 10. Ikionekana mapema hukatwa kwa kifaa kile kile cha kamera kinachopitishwa kwenye njia ya haja, na saratani inakuwa imezuiwa kabla haijazaliwa. Kipimo hicho ni kolonoskopi.

Dalili za kukariri: damu kwenye choo, nyekundu au choo cheusi kama lami, mabadiliko ya choo yanayodumu wiki kadhaa, iwe kuhara, kufunga au kupata choo chembamba, kutoka chooni ukihisi bado haja haijaisha, maumivu ya tumbo yasiyoondoka, kupungua uzito bila sababu, na upungufu wa damu. Hii ya mwisho tunaisahau. Uvimbe ulio upande wa kulia wa utumbo unaweza kuvuja damu kidogo kidogo usiyoiona kwa macho, mtu akachoka tu na kuhema akipanda mlima. Mwanamume wa makamo, au mama aliyekwisha kukoma hedhi, akiambiwa ana upungufu wa damu asipewe vidonge tu na kurudi nyumbani. Aulize damu inapotelea wapi.

Si ugonjwa wa Wazungu, kama nilivyoambiwa mimi. Mwaka 2020 pekee, duniani waligundulika wagonjwa wapya zaidi ya milioni 1.9, na waliokufa walipita laki 9. Yanayoongeza hatari ni umri, ndugu wa damu aliyewahi kuugua, pombe, tumbaku, unene, kukaa bila kazi ya mwili, na nyama za kusindikwa kama soseji, ambazo Shirika la Afya Duniani kupitia wakala wake wa utafiti wa saratani lilizitaja mwaka 2015 kuwa zinasababisha saratani. Ugali wa dona, maharage, mboga za majani na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) vinasaidia utumbo. Lakini msimwambie mgonjwa kwamba amejiletea kwa chakula. Mdogo wangu hajawahi kula soseji wala kuonja pombe.

Hatua ya 2: Pateni mlezi na kibali

Tafuteni muuguzi au daktari mmoja atakayekagua kila mnachotaka kusema hadharani. Kisha nendeni kwa mganga mkuu wa wilaya na kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya kushika kipaza sauti. Kusajili shirika lisilo la kiserikali chini ya sheria ya mwaka 2002 kunaweza kufanyika kwa ngazi ya wilaya, mkoa au taifa. Anzeni na wilaya, na muulizeni afisa maendeleo ya jamii. Nanyi wahudumu wa afya ngazi ya jamii mlioko humu, ninyi ndio mlango wetu, maana mnajua nani ameacha kutoka nje.

Hatua ya 3: Wafuateni watu kwa saa zao

Semina yetu ya kwanza tuliiweka Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa kukodi. Walikuja kina mama kumi na watoto wao. Wanaume tuliowakusudia walikuwa wamelala, wametoka majini alfajiri.

Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawafuati taa, mitumbwi inakaa mwaloni, na wanaume wanashinda wakishona nyavu na kucheza bao. Siku hizo ndizo zetu. Zungumzeni na viongozi wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi wa mwalo, mpewe nusu saa, na muwaache waendelee kushona huku wanasikiliza. Mtu anayeshughulika na mikono husikiliza vizuri kuliko aliyekalishwa kwenye kiti. Visiwani tafuteni anayejua Kikerewe au Kijita, na kwa wazee wa Magu salamu ianze kwa Kisukuma.

Kifaa chetu cha kufundishia ni tyubu ya baiskeli. Tunakata kipande cha urefu wa mkono, tunakigeuza nje ndani, tunagundisha punje tatu za mahindi kwa gundi ya kuzibia pancha, moja tunaizungushia uzi mpaka iwe kubwa, kisha tunakirudisha kilivyokuwa. Mtu anapewa akishike kwa nje na kuambiwa atafute tatizo. Hapati. Halafu anaingiza kidole: punje iliyo karibu na mdomo anaigusa mara moja, zile za mbali hazifikii. Hapo bila hotuba ameelewa kwa nini daktari anaanza na kidole na kwa nini wakati mwingine lazima kamera. Mzee mmoja pale Mwaloni Kirumba alikizungusha kile kipande mkononi muda mrefu, akauliza polepole, "Kumbe ndicho walichotaka kunifanyia nikakimbia?" Alikwenda wiki ile ile.

Mwezi wa tatu ni mwezi wa uhamasishaji wa saratani hii, utepe wake ni wa bluu iliyokoza. Utumieni kupata nafasi redioni, lakini msingoje Machi kufanya kazi.

Hatua ya 4: Kiti cha pembeni

Hapa nilikosea, na kosa langu lilimuumiza mtu. Katika mkutano mmoja niliuliza kwa kipaza sauti nani amewahi kuona damu. Dada mmoja aliyekuwa amenieleza habari zake faragha alidhani namtaja yeye, akanyanyuka akaondoka. Nilimfuata nyumbani mara tatu kabla hajakubali kuniona.

Tangu siku hiyo hatuulizi mbele za watu. Tunaweka viti viwili mbali kidogo, chini ya mti au nyuma ya banda, anakaa mjitoleaji mmoja mwanamume na mmoja mwanamke. Tunatangaza kwamba watabaki pale saa nzima kwa jambo lolote la tumbo. Anayekwenda pale anaweza kuwa anauliza habari za minyoo, hakuna ajuaye. Sikilizeni, msitaje ugonjwa, msitoe dawa. Andikeni dalili na muda wake kwenye karatasi atakayoibeba mwenyewe zahanati, kwa sababu wengi wakifika mbele ya daktari husema "tumbo tu" na kunyamaza.

Hatua ya 5: Safari ya vipimo

Njia ya kawaida ni zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya au mkoa, na kwa barua ya rufaa Bugando, hospitali ya kanda yetu, yenye idara ya saratani na mionzi. Wengine hupelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Fundisheni mgonjwa maneno ya kusema: "Nimetibiwa kichocho na bawasiri, damu haijakoma. Naomba nipimwe kwa kidole, na kama inafaa nifanyiwe kolonoskopi." Sentensi hiyo ya mwanzo inamwokolea duru nyingine ya dawa zile zile.

Mahali wagonjwa wanapopotea ni baada ya kukatwa kinyama cha kupeleka maabara. Wanaambiwa warudi, nauli inaisha, mvua inaanza, shamba linaita. Sisi kila mgonjwa ana mtu wake mmoja mwenye tarehe ya majibu kwenye daftari. Siku tatu kabla anapiga simu. Siku yenyewe wanakwenda pamoja. Gharama zikiwa mlima, pitieni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, kabla deni halijafika mahali pa kuogopesha.

Hatua ya 6: Mfuko

Baadhi hufanyiwa upasuaji na ncha ya utumbo kutokezwa nje kwenye ngozi ya tumbo, choo kikaingia kwenye mfuko unaobandikwa hapo. Kwa wengine ni kwa muda, kwa wengine ni maisha yote, kama mdogo wangu. Yeye ndiye anayefundisha sasa, shati likiwa limefunguliwa, mlango umefungwa.

Anaanza kwa kuwaonyesha kwamba ncha hiyo ya utumbo, ile nyama nyekundu yenye unyevunyevu, haiumi ikiguswa, na kwamba wekundu ndio dalili ya uzima wake. Ikigeuka nyeusi au zambarau ni kukimbilia hospitali. Anaosha ngozi kwa maji ya uvuguvugu matupu, anaikausha kwa kugusagusa, kisha anakata tundu la mfuko likiwa kubwa kuliko ile nyama kwa milimita mbili au tatu tu. Tundu likiwa pana, choo kinachoma ngozi na gundi haishiki. Anamwaga mfuko ukifika theluthi, maana ukijaa uzito unaubandua. Nimeona wanaume waliokaa ndani miezi wakitoka kwake na kwenda kanisani au msikitini Jumapili na Ijumaa iliyofuata. Mifuko ni ghali na huadimika, kwa hiyo michango yetu mingi huishia hapo, nami naona ni sawa.

Hatua ya 7: Pesa na siri

Michango isikae kwenye laini ya mtu mmoja. Wekeni akaunti ya watia saini watatu na someni hesabu kila mwezi. Majina ya wagonjwa yasiingie kwenye kundi la simu, tumieni namba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na hata isingekuwepo, mji wetu ni mdogo.

Maswali ya wanachama

*Kijana wa Buzuruga: Shikamoo mama. Nina miaka 29, naona damu mara moja moja. Si ugonjwa wa wazee huu?*
Marahaba mwanangu. Wengi wanaougua wamepita miaka 50, lakini vijana wamo. Marekani walishusha umri wa kuanza uchunguzi hadi 45 mwaka 2021, na yule mwigizaji Chadwick Boseman alifariki Agosti 2020 akiwa na miaka 43. Mara nyingi damu chooni haitokani na saratani, kwa hiyo usikose usingizi. Ila nenda wiki hii.

*Mwanachama wa Nansio: Baba amepangiwa kolonoskopi. Dawa ya kusafisha tumbo ainywe nyumbani kabla ya kupanda meli?*
Hapana, nakuomba! Dawa ile inamharisha mtu usiku kucha mpaka yatoke maji matupu. Aje Mwanza siku moja au mbili kabla, alale kwa ndugu mwenye choo karibu, ainywe huko kwa saa alizoandikiwa. Kama anatumia dawa za kisukari au za kuyeyusha damu, mwambieni daktari mapema.

*Mama wa Igoma: Shemeji yangu amegoma kupimwa kwa kidole, anasema ni kuvuliwa uanaume.*
Mpelekee mwanamume mwenzake aliyepimwa, si mke wala mama mkwe. Kipimo ni chini ya dakika moja. Tyubu ya baiskeli tunayo, njoo uichukue.

*Muuguzi mstaafu, Misungwi: Dada, ndugu wa mgonjwa wanahitaji nini?*
Asante kwa kuuliza. Mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja ana hatari kubwa kuliko wengine. Ushauri wa kawaida ni kuchunguzwa kuanzia miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougua ndugu yake, lolote litakalotangulia. Mdogo wangu aliugua na 41, kwa hiyo wanawe wataanza na 31. Mimi nimeshapimwa, walinikuta na polipu moja wakaiondoa.

*Mwanachama wa Usagara: Mgonjwa wangu anataka kwanza kwa mganga wa kienyeji.*
Usigombane naye. Mwombe akubali tarehe ya hospitali iende sambamba, na amweleze daktari kila anachokunywa. Ukimfungia mlango hatakupigia tena simu.

*Kijana wa Magu: Kuna posho?*
Nauli na chakula cha siku ya kazi, ndiyo, na inasomwa kwenye hesabu. Zaidi ya hapo hatuna.

*Mvuvi, Ilemela: Kaka aliyewekewa mfuko anaweza kurudi ziwani?*
Anaweza, daktari akisharuhusu. Kuvuta nyavu nzito aachie wengine, kwa kuwa kunyanyua vizito huweza kuleta ngiri pembeni ya ule utumbo. Mdogo wangu sasa anashika usukani na taa. Akiingia mtumbwini hujifunga mkanda mpana wa kitambaa juu ya mfuko, na mifuko ya akiba huiweka pamoja na simu kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, maji yasiingie.