Riwaya ya mtoto ina maneno mageni? Sisi tunafanya hivi

Binti yangu yuko darasa la nne, tunasoma riwaya za watoto pamoja jioni tukishakula. Mwanzoni nilikosea, kila neno geni nakimbilia kamusi, tukifika ukurasa wa tatu mtoto keshachoka, hataki hata kujua fisi aliishia wapi. Kwaiyo siku hizi sura nzima inasomwa bila kusimama, yeye anapiga tu alama ya penseli chini ya neno, mwisho wa sura tunachagua matano. Matano yanatosha jamani, mkichukua ishirini hakuna litakalobaki.

Kabla ya kamusi mwache akisie. Tulikuta "paka akamnyatia panya", nikamwambia hebu nionyeshe huyo paka anatembeaje, akainama akaanza kuvuta hatua polepole mpaka jikoni. Hapo hamna cha kuongeza, neno kashalishika.

Sasa kamusi, na hapa ndo watoto wengi wanakwama, mana neno kwenye stori limevaa viambishi na kwenye kamusi halijavaa. Binti alitafuta "nyufa" kwenye N weee mpaka machozi yakamlenga, kumbe lipo kwenye U, ufa. Ndimi nenda ulimi, kuta nenda ukuta, meno nenda jino. Kitenzi nacho kivue vya mbele, "wakautegua" toa wa, ka, u, inabaki tegua. Ukifika hapo usifunge kamusi, mwonyeshe na tega iko jirani: unatega mtego, unategua mtego. Kunja kunjua, ziba zibua, chomeka chomoa. Alipogundua hiyo -ua au -oa inageuza kitendo akazunguka nyumba nzima anatafuta vingine, funga na fungua kaleta mwenyewe, akaleta na nuna na nunua, ikabidi nimwambie hao sio ndugu, mwenye kununua hajaacha kununa.

Alafu asichukue maana ya kwanza anayoiona. Kuna kijana "akatupa mshipi baharini", binti kasoma kamusi kaona mkanda wa kiunoni, akaniuliza mama kwa nini katupa mkanda wake? Nikamwambia rudi kwenye sentensi, yuko kwenye ngalawa, ana chambo mkononi, basi huo ni uzi wa kuvulia. Na maneno ya bahari au shamba, kama una mzee aliyeifanya hiyo kazi muulize yeye kwanza. Babu yake alimchorea dema kwenye daftari, ule mtego wa samaki unaosukwa kama kikapu, na mpaka leo anakumbuka mlango wake ulivyo, samaki anaingia vizuri kutoka hawezi.

Kwenye daftari anaandika neno, sentensi ya kitabuni, afu sentensi yake mwenyewe ya mambo ya nyumbani, hiyo ya mwisho usiiruke kabisa. Juzi usiku natoka chumbani taratibu, mdogo wake ndo kapata usingizi, nikasikia kwenye giza "mama, mbona unanyata?"