Kujitoa Kabla Umiliki Haujahama: Kwa Unayenunua Nyumba Dodoma Ukiwa Mbali

Simu ilinikuta Leicester, Uingereza, saa moja asubuhi, navaa viatu niende kazini. Mdogo wangu alikuwa Nkuhungu, Dodoma, nje ya nyumba ambayo nilikuwa nimeshalipa theluthi ya bei yake. Mlangoni alisimama mama mmoja akamuuliza: "Mnanunua nyumba hii, mimi mmeniuliza?" Alikuwa mke wa muuzaji. Sisi tulikuwa tumeambiwa mwenye nyumba hana mke.

Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo haki ya kujitoa nilikuwa nayo. Nilichokosa ni mkataba wa maana. Nilikuwa na ukurasa mmoja uliochapwa na dalali, usio na neno hata moja kuhusu kurudisha pesa. Nilizipata baada ya miezi kumi na minne, kwa mafungu. Ndiyo maana naandika haya.

Ndugu yangu, njia ya kutokea huwekwa siku ya kwanza, kabla hujatuma hata shilingi. Mkataba wa mauziano uandikwe na wakili wako, si wa muuzaji wala rafiki wa dalali, na jina la wakili huyo lihakikishwe kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama wa kutambua mawakili. Mkataba useme wazi kwamba ununuzi unategemea mambo haya: upekuzi (ukaguzi wa kumbukumbu za umiliki) kwa Msajili wa Hati utoke safi, mwenzi wa muuzaji asaini ridhaa, na fundi wako aikague nyumba na kuikubali. Useme pia kwamba lolote likishindikana, malipo ya awali yanarudi yote ndani ya siku zinazotajwa kwa namba. Neno "haraka iwezekanavyo" halikusaidii kitu. Na pesa ikae kwenye akaunti ya wateja ya wakili mpaka masharti yatimie. Muuzaji akikataa hilo, mimi ningeachana naye hapohapo.

Dodoma ina mambo yake. Mpaka Mei 2017 viwanja vilisimamiwa na CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Ilipovunjwa, kazi ikahamia kwa halmashauri, ambayo sasa ni ya Jiji. Nyumba nyingi za zamani zina karatasi za enzi zile, nyingine zimepita mikono mitatu bila umiliki kuhamishwa. Picha ya hati kwenye WhatsApp isikutulize. Wakili aende mwenyewe, atazame jina, rehani ya benki, zuio, na kama kodi ya ardhi inadaiwa. Kama mwenye nyumba ni marehemu, anayeweza kukuuzia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kuwa mtoto wa kwanza hakumpi mtu mamlaka hayo.

Nyumba ikiwa kando ya barabara kuu ya kwenda Singida, Iringa au Morogoro, pima. Tangu sheria ya 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na alama ya X ukutani, ya nyumba inayotakiwa kubomolewa, haifutiki kwa rangi mpya. Angalia na korongo. Ukitumiwa picha za Agosti utaona mchanga mkavu tu. Mwombe mtu apite Januari mvua ikinyesha, au awaulize majirani maji hupita wapi. Nyufa nazo zinahitaji fundi anayeelewa, kwa sababu mji uko ukanda wa Bonde la Ufa na ardhi hutikisika mara kwa mara. Ufa mwembamba wa plasta si sawa na ufa unaoshuka mpaka kwenye msingi.

Sasa tuseme tatizo limejitokeza na nusu ya pesa imeshakwenda. Kwanza, usitume awamu inayofuata, hata ukiambiwa kuna mnunuzi mwingine amesimama getini. Ukilipa huku unajua kasoro, unaonekana umeikubali. Pili, andika siku hiyohiyo. Wakili atoe notisi inayotaja tatizo, kifungu cha mkataba na tarehe ya mwisho ya kurudisha pesa. Tunza risiti za benki na jumbe zote za simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inazitambua kama ushahidi.

Hapa jiulize kwa ukweli kosa ni la nani. Muuzaji akiwa amekudanganya, Sheria ya Mikataba inakuruhusu kuutengua mkataba. Lakini kama alinyamaza tu juu ya kasoro ambayo ungeiona kwa uangalifu wa kawaida, sheria hiyohiyo inaweza kukunyima nafuu, na hapo ndipo sharti la ukaguzi linapokuokoa. Na kama ni wewe umekwama, mkopo umegoma au kazi imekwisha, tegemea kupoteza sehemu ya malipo ya awali. Zungumza mapema, muuzaji apate mnunuzi mwingine.

Mara nyingi pesa imeshakuwa tofali na mabati ya muuzaji. Makubaliano ya kulipa kwa awamu, yaliyosainiwa mbele ya wakili, kwangu yalikuwa bora kuliko kesi. Akikaidi, kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au mahakama, na madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita. Polisi waendee pale palipo na udanganyifu wa kweli, kama nyumba moja kuuzwa kwa watu wawili.

Jambo moja nililosahau mimi: mdogo wangu bado alikuwa na hati ya uwakilishi niliyoithibitisha ubalozini, yenye nguvu ya kusaini kila kitu kwa niaba yangu. Ukijitoa, ifute kwa maandishi, mpe nakala muuzaji na wakili, na kama ilisajiliwa, mjulishe Msajili.