Somo la namba kwa waliokimbia hesabu: namna ya kuliandaa, hatua kwa hatua

Mara ya kwanza nilipopewa somo hili, kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria na wa lugha hapa Lubumbashi, nilifanya kosa ambalo huenda na wewe, ndugu mwenzangu, uko karibu kulifanya. Nilichukua silabasi ya takwimu nikaikata nusu. Wastani, mkengeuko sanifu, grafu mbili tatu, basi. Mwisho wa muhula dada mmoja akaniletea kazi safi kabisa: wastani wa bei ya unga katika sehemu sita za mji, hadi desimali mbili. Bei nne zilikuwa za meka, lile kopo la kupimia unga sokoni, mbili za kilo. Alizijumlisha zote. Ukokotoaji haukuwa na kosa hata moja, na ni mimi niliyemfundisha hivyo.

Hatua ya 1: Wapime kabla hujaandika silabasi

Siku ya kwanza toa maswali matano yasiyo na alama. Langu nilipendalo: bei ya mfuko wa unga imepanda kwa asilimia 20, kisha ikashuka kwa asilimia 20; je, imerudi palepale? Wengi wataandika ndiyo. Mfuko wa franka 40,000 unafika 48,000, halafu unashuka hadi 38,400. Usisahihishe papo hapo, waache wabishane. Swali jingine liwe la kukadiria tu: tunahitaji teksibasi ngapi kuwapeleka Kasapa watu wote waliomo humu? Hapo utaona nani anaogopa namba na nani anaogopa kukosea. Hao ni watu wawili tofauti.

Hatua ya 2: Panga somo kwa maswali, si kwa sura za kitabu

Muhula mmoja unabeba maswali makubwa manne. Ukiweka saba utarudi kukimbizana na silabasi. Nakupa mawili ninayoyatumia.

La kwanza ni mkopo. Mkopeshaji anasema riba ni "asilimia 5 kwa mwezi". Unachukua dola 600 kwa miezi sita, na kila mwezi unarudisha 100 za deni na 30 za riba. Riba yote inafika 180. Lakini baada ya malipo ya kwanza unadaiwa 500 tu, huku riba ikiendelea kuhesabiwa kwenye 600. Ingehesabiwa kwenye deni lililobaki, ungelipa 30, 25, 20, 15, 10 na 5, jumla 105. Ukitafuta riba halisi ya mkopo ule, yaani ile ambayo ikihesabiwa kwenye deni lililobaki inaleta malipo yaleyale ya 130 kwa mwezi, utakuta ni karibu asilimia 8 kwa mwezi. Kisha lete likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa na kuzipokea kwa zamu: watu 12, kila mmoja dola 50 kwa mwezi. Wote wanatoa 600 na wote wanapokea 600, sasa kwa nini kila mtu anataka zamu ya kwanza? Kwa sababu wa kwanza amekopeshwa na wenzake bila riba, na wa mwisho ndiye aliyekopesha. Mwenye mama anayeweka pesa za likelemba atalieleza hili vizuri kuliko wewe. Mpe chaki.

La pili: tuko wangapi? Sensa ya 1984, ya mwisho hapa Kongo, ilihesabu watu karibu milioni 30, na idadi za leo tunazozisikia ni makadirio. Waambie wachukue ongezeko la asilimia 3 kwa mwaka wafike 2024: wanapata kama milioni 98. Kwa asilimia 2.5, kama milioni 81. Kwa 3.5, karibu milioni 119. Nusu asilimia, ambayo mtu angeipuuza, inaongeza au kuondoa mamilioni ya watu. Wanafunzi wa sheria huamka hapa, maana viti vya bunge hugawanywa kwa idadi ya wapiga kura walioandikishwa, si kwa makadirio haya.

Hatua ya 3: Andika vigezo vya alama mapema

Mwaka 1959, ripoti ya Crowther ya Uingereza ilitaka uwezo wa namba uwe pacha wa uwezo wa kusoma na kuandika. Chama cha vyuo cha Marekani, AAC&U, kilitoa mwaka 2009 jedwali la vigezo sita: kufasiri, kuonyesha kwa mchoro au jedwali, kukokotoa, kuchambua, kutaja unachokichukulia kuwa kweli, na kuwasilisha. Kukokotoa ni kimoja kati ya sita! Mimi nakipa alama 4 kati ya 20, na wenzangu wa idara ya hesabu bado wananinunia.

Hatua ya 4: Andaa kipindi kisichohitaji umeme

Projekta isahau. Vikundi vya watu wanne, simu moja kwa kikundi. Kadirio liandikwe kwanza kwenye karatasi, ndipo simu ifunguliwe. Mjadala uwe kwa Kiswahili, maandishi kwa Kifaransa kama chuo kinavyotaka. Ukiwalazimisha wabishane kwa Kifaransa, watabishania Kifaransa. Na siku moja leta mzani na meka, mwombe kila mtu ajaze kama anavyojaziwa na muuzaji wake katika soko la Kenya, komuni ya hapa Lubumbashi, na kile kilima cha juu. Pimeni. Uzito hautalingana, na hapo una kipindi kizima cha kosa la upimaji bila kuandika fomula.

Hatua ya 5: Mtihani

Toa habari fupi yenye namba, omba aya moja: namba hii inasema nini, na haisemi nini? Swali langu la mwisho lina bei sita za unga, bila kutaja kipimo. Maagizo yanasema ruksa kunyoosha mkono na kuuliza. Anayeuliza namwambia zipi ni za meka na zipi za kilo, na mzani uko mezani.