Kukwepa kausha damu: akiba ya kaya hujengwa Juni, haijengwi Januari

Mkoani Dodoma msimu wa mvua ni mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili. Mavuno huanza kuingia Mei, na Juni na Julai malori yanapakia magunia Kibaigwa na kila kaya ina chochote mkononi. Ikifika Novemba ghala ni tupu, mbegu hazijanunuliwa, na Januari watoto wanadai sare na madaftari. Hapo ndipo mkopeshaji wa kausha damu, yaani mikopo ya haraka ya riba kubwa, anapobisha hodi, na anafunguliwa kwa sababu hakuna mlango mwingine.

Kwa hiyo wewe unayesaidia kaya yenye kipato kidogo, uwe mwezeshaji, kiongozi wa kikundi au mtoto unayetumia wazazi pesa kutoka mjini, usianze na hotuba ya ubaya wa mikopo. Wanaujua kuliko wewe. Anza na kalenda.

Chukua karatasi kubwa, igawe miezi 12. Safu ya juu andikeni pesa na chakula kinachoingia, safu ya kati matumizi makubwa (mbegu, palizi, shule, michango, matibabu), safu ya chini marejesho ya madeni. Kaa na baba na mama pamoja, kisha mpe mama nafasi ya kuzungumza nawe faragha. Wakopeshaji hawa huwalenga sana wanawake wenye biashara ndogo, na mara nyingi deni halijulikani kwa mume. Deni lililofichwa likiachwa nje ya karatasi, mpango wote utavunjika mwezi wa pili. Usilitoboe bila ridhaa yake.

Chakula kiwe mali ya kwanza

Kabla ya mbuzi na bati, kaya iweke nafaka ya kuivusha miezi ya njaa. Piga hesabu hivi: kaya ya watu watano hutumia takriban kilo 2 za nafaka kwa siku. Desemba hadi Aprili ni kama siku 150, sawa na kilo 300, yaani magunia matatu ya kilo 100. Hayo yatengwe siku ya kupura, kabla mnunuzi hajafika. Kaya inayouza yote Juni kwa bei ya chini hurudi kununua Februari kwa bei ya juu, na tofauti hiyo ndiyo huwa inakopwa.

Tumieni mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye mifuko ya nailoni ndani ya kiroba. Nafaka ikauke vizuri kwanza. Kipimo rahisi: weka mahindi kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, tikisa dakika moja, subiri. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, anikeni tena juu ya turubai, si ardhini. Hili si jambo dogo kwetu: mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara. Jaza, kamua hewa, sokota mdomo wa kila mfuko na uufunge peke yake. Panga juu ya mbao, mbali na ukuta. Panya akitoboa nailoni, hewa inaingia na kazi yote inaharibika, hivyo kagua kila wiki.

Ziada ndiyo iuzwe, tena kwa mizani. Anayenunua kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, anachukua kilo ambazo hajazilipia.

Kikundi: sanduku, kufuli tatu, na tarehe ya kuvunja

Watu 15 hadi 30 wanaojuana wanatosha kuunda kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Tuchukue mfano wa wanachama 20, hisa moja shilingi 1,000, kila mtu ananunua hisa 1 hadi 5 kila wiki. Usikubali kiwango kiwe sawa kwa wote na kwa mwaka mzima. Uzuri wa hisa ni kwamba mtu anaweza kununua moja tu Februari na tano Julai, na bado akabaki mwanachama mwenye heshima. Vikundi vinavyolazimisha kiasi kimoja huwafukuza maskini mwezi wa pili wa njaa. Wengine huenda kukopa kausha damu ili walipe mchango wa kikundi, jambo la kusikitisha sana.

Wastani ukiwa hisa 3, sanduku linapata 60,000 kwa wiki, na kwa wiki 40 ni 2,400,000. Mkikopeshana kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi na faida ikafika 240,000, hisa ya 1,000 inagawanywa kwa 1,100. Mwenye hisa 120 anaondoka na 132,000. Riba haijapotea, imerudi kwao wenyewe.

Kosa kubwa ni tarehe ya kugawana. Vikundi vingi huvunja wakati wowote mwaka unapotimia, hata Juni, mwezi ambao kila mtu ana pesa na sherehe ni nyingi. Anzeni mzunguko mwishoni mwa Januari, vunjeni mwishoni mwa Novemba. Mkopo wa mwisho utolewe mwanzoni mwa Septemba, na madeni yote yawe yamerudi Oktoba. Hivyo mgao unakutana na mbegu na sare, na mkopeshaji akija Januari anakuta nyumba haina shida naye.

Sanduku liwe na kufuli tatu, na funguo ziwe kwa watu watatu wa kaya tofauti. Anayelaza sanduku asiwe na ufunguo. Pesa ihesabiwe kwa sauti mbele ya wote, na kabla ya kufunga kila mtu akariri salio. Mkutano ujao hesabu inaanzia hapo. Mkopo usizidi mara tatu ya akiba ya mtu, wala miezi mitatu. Asiye mwanachama asikopeshwe kamwe, hata akiwa shemeji wa mwenyekiti. Sanduku likinenepa, pelekeni sehemu kwenye akaunti ya kikundi yenye waidhinishaji watatu. Simu binafsi ya mweka hazina si akaunti ya kikundi.

Pembeni, mfuko wa jamii: shilingi 500 kwa kila mtu kwa wiki, kwenye kibegi chake, kwa ugonjwa na msiba tu. Homa ya mtoto usiku ndiyo hupeleka watu wengi kwa wakopeshaji wa haraka.

Kikundi kisajiliwe halmashauri kupitia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikishakuwa na usajili, akaunti ya benki na kumbukumbu safi, kinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu.

Mali inayouzika vipande vipande

Kaya ianze na mali ambayo shida ndogo ikitokea inaweza kuuza kipande chake. Kuku kwanza, kisha mbuzi. Ng'ombe mmoja akiuzwa kwa sababu ya dawa ya elfu ishirini, pesa iliyobaki huyeyuka. Kuku wapate chanjo ya mdondo kila baada ya miezi mitatu, la sivyo banda linaisha kwa wiki moja. Mbuzi wapewe dawa ya minyoo na chanjo anazoelekeza afisa mifugo wa kata. Msiwapeleke mnadani Msalato Desemba na Januari ikiwezekana kuepuka, kwa kuwa wauzaji wenye njaa ni wengi na wanyama wamekonda.

Pikipiki ya mkataba, unayoilipia kidogo kidogo kila siku, ni mali au mtego, inategemea hesabu. Zidisha marejesho ya siku kwa idadi ya siku zote, linganisha na bei ya dukani, halafu soma mkataba unasema nini ukiugua wiki mbili.

Kuusoma mkopo kabla ya kusaini

Swali la "riba ni asilimia ngapi?" halitoshi. Uliza mawili: nitapata shilingi ngapi mkononi, na nitarudisha shilingi ngapi jumla? Mfano: mkopo wa 200,000 kwa mwezi, umeambiwa riba ni asilimia 20, marejesho 60,000 kwa wiki mara nne. Fomu 10,000 na "bima" 5,000 vinakatwa hapo hapo. Umepokea 185,000, utalipa 240,000. Gharama ni 55,000, karibu asilimia 30 ya ulichopokea, na si 20 uliyoambiwa. Tena hukukaa na pesa hiyo mwezi mzima: baada ya marejesho mawili unabaki na 65,000 tu zao, huku umetozwa kana kwamba unazo zote.

Kwa wakopeshaji wasiopokea amana, Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 200,000 hiyo ni 7,000. Dai kuona leseni, na ulinganishe jina na orodha iliyo kwenye tovuti ya Benki Kuu. Kwa mikopo ya simu uangalifu uwe mara mbili: mwaka 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Programu inayotaka kusoma majina yote ya simu yako inajiandaa kukuaibisha kwa ndugu zako.

Ondoka mara moja wakikuomba kadi ya benki na namba ya siri, au karatasi tupu isainiwe, au mkataba wa mauziano wa kiwanja badala ya mkataba wa mkopo. Huo wa mwisho ni hatari kuliko yote, maana mahakamani utaonekana umeuza. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza.

Aliyekwisha kuingia

Asikope kwingine kulipa huku. Aandike kila deni: kiasi alichopokea, alicholipa, wanachodai. Aombe taarifa ya mkopo kwa maandishi na apendekeze kiasi anachokiweza kila wiki. Tangu siku hiyo alipe kwa simu au benki tu, ili kila shilingi iwe na ushahidi. Wakitisha au kubeba vyombo bila amri ya mahakama, aende kwa mwenyekiti wa mtaa, polisi, na msaidizi wa kisheria wa eneo lake, ambaye huduma yake ni bure. Lalamiko dhidi ya mkopeshaji mwenye leseni lianze kwake kwa barua, nakala ibaki, kisha liende dawati la malalamiko la Benki Kuu.

Deni likiisha, adai barua ya kumaliza, achukue nyaraka zote alizoacha, na abadilishe namba ya siri ya kadi siku hiyo hiyo.