Mbolezi ya Kubuni: Kulilia Jeraha kwa Sauti Bila Kuzidiwa

Mbolezi ni wimbo wa maombolezo, na hapa kikundi kidogo kinajitungia yake ili kulilia jeraha la moyo. Mjini Moshi, ukiangua kilio saa mbili usiku kwenye chumba cha kupanga, majirani wa mitaa ya Majengo au Pasua watafika na kanga mabegani wakijua umefiwa. Kwa hiyo kabla ya yote waambie wa ukuta wa pili kwamba kutakuwa na kuimba, au tafuteni kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, chenye mfereji unaotiririka, au ngojeni masika mvua ipige bati. Hofu ya kusikika hubana koo kuliko kitu kingine chochote.

Wakarelia wa Finland na Urusi wana desturi ya mbolezi ambamo marehemu hatajwi kwa jina wala kwa undugu, bali kwa mafumbo, na sauti huteremka kadiri mstari unavyokwenda. Fumbo na mteremko ndivyo vya kuazima. Fumbo linakuwezesha kuligusa jeraha bila kulichimbua. Mteremko unailazimisha pumzi itoke polepole, na pumzi inayotoka kwa muda mrefu hutuliza mapigo ya moyo.

Kaeni wanne hadi saba kwa duara, nyayo zote mbili sakafuni, macho wazi. Kila mtu awe na maji ya uvuguvugu. Mmoja ashike saa, na huyo asiimbe siku hiyo. Dakika tatu za mwanzo ni za pumzi tu: vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa sita au nane. Kisha dakika tano za kuvumisha “mmm” midomo ikiwa imefungwa, kwa sauti ile ile unayozungumzia, kiganja kifuani. Mtetemo usiposikika kifuani umepanda juu mno, shuka. Wanaume waliofundishwa kwamba mwanaume halii huingia kwa urahisi hapa, kwa besi ya chini isiyo na maneno.

Sasa chagueni kiitikio. Kiwe kifupi, silabi sita hivi, kwa noti tatu zinazoshuka: “Nipo, bado nipo” kinatosha. Kiitikio ni kamba ya kisima. Anayeshuka anajua kuna wanaoishika juu. Ndiyo maana kazi hii haifai kufanywa peke yako mara ya kwanza, na ndiyo maana waitikiaji walegevu huharibu kila kitu.

Anayeghani atoe mstari mmoja kwa pumzi moja, wenzake waitikie, avute pumzi, aendelee. Aanze na kitu, asianze na tukio: viatu vilivyobaki mlangoni, kiti kisichokaliwa, harufu ya moshi wa jikoni. Wengi hukimbilia ajali yenyewe au usiku wenyewe, na mwili unaweza kuitika kana kwamba umerudishwa pale. Maneno yakikauka, shusha “oo” au “ee” tupu. Vina na mizani achana navyo, hili si shairi la gazetini. Dakika tano kwa mtu mmoja, saba zikizidi sana.

Anayeghani akipata ganzi midomoni na vidoleni, huenda anapumua haraka mno: anyamaze, apumue kwa pua. Macho yakiganda au asipoitika jina lake, wimbo ukome hapo hapo. Ataje vitu vitano anavyoviona, anawe uso kwa maji baridi. Koo likiwasha, anasukuma kwa koo badala ya tumbo. Na mwitikiaji anayesema “jikaze” atolewe kwenye duara kwa upole.

Kwa Waislamu, machozi yanaruhusiwa ila kuomboleza kwa mayowe kumekatazwa. Wao wabaki na mvumo, au wawe waitikiaji tu. Mwenye mawazo ya kujiua, au anayesikia sauti zisizokuwepo, asiwekwe kwenye duara hili kabisa: asiachwe peke yake, apelekwe siku hiyo hiyo hospitali, Mawenzi au KCMC.

Kufunga, vumisheni tena dakika tatu mkishuka hadi sauti iishe yenyewe. Kisha chai au uji wa moto, na mazungumzo ya bei ya ndizi. Aliyeghani asiulizwe maana ya alichoimba, na asiendeshe pikipiki nusu saa inayofuata.