Umeumia kazini Kenya? Panga haya kabla ya kupinga fidia uliyokadiriwa

Kenya, mfanyakazi aliyeumia kazini haanzi kwa kumshtaki mwajiri kortini. Kifungu cha 16 cha sheria ya mwaka 2007 ya mafao ya majeraha kazini, ambayo wengi huiita WIBA, kinaziba njia hiyo. Madai hupitia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, yaani DOSH. Suala hilo lilizozaniwa miaka kumi: Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu kadhaa mwaka 2009, Mahakama ya Rufaa ikavirudisha vingi mwaka 2017, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikakubaliana na ya Rufaa. Anayekuhimiza mkimbilie kortini kwanza anakupotezea muda, na hapa muda ndio unaoangusha watu.

Hesabu ya muda huanza siku ile ile ya ajali. Mwajiri apewe taarifa mara moja, kwa mdomo au kwa maandishi. Andika, hata kama ni ujumbe wa simu kwa msimamizi, kwa sababu maneno ya mdomo hukanwa. Mwajiri naye ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi kwa fomu ya DOSH/WIBA 1. Akizembea, nenda mwenyewe ofisi ya DOSH ya eneo lako; kwa walio Nairobi, ni Safety House, Commercial Street, Industrial Area. Madai yenyewe yawe yamewasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali, au tangu kifo ikiwa mfanyakazi alifariki.

Sasa karatasi. Karatasi yenye uzito kuliko zote ni kadi ya matibabu ya siku ya kwanza. Mara nyingi majeruhi hupelekwa na msimamizi, na msimamizi ndiye anayejibu maswali mapokezi. Akisema "ameanguka nyumbani", hivyo ndivyo itakavyoandikwa, na miezi kadhaa baadaye kampuni ya bima itaidaka sentensi hiyo moja. Soma kadi kabla ya kutoka hospitalini: tarehe, saa, mahali na chanzo cha jeraha. Ikiwa kuna kosa, omba lisahihishwe papo hapo.

Kibarua asiye na mkataba ana kazi ya ziada, kwani lazima kwanza ionekane kwamba aliajiriwa. Jumbe za M-Pesa za malipo ya kila wiki, picha ya rejista ya vibarua yenye jina lake, kitambulisho cha getini, na majina ya wenzake wawili walioona ajali, vyote vinasaidia. Kusanya mapema, maana wenzako wa leo watakuwa wamehamia mjengo mwingine.

Kabla ya kupinga kiasi ulichopewa, jua kimetoka wapi. Ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96 mara asilimia ya ulemavu. Anayepata shilingi 20,000 kwa mwezi akikadiriwa asilimia 10 anastahili 192,000. Kwa hiyo angalia tarakimu zote mbili. Watu hubishania asilimia tu, na huku mapato yameandikwa pungufu, bila posho au ovataimu ya kila mara. Ovataimu ya siku mojamoja haihesabiwi. Kwa upande wa asilimia, tatizo la kawaida ni kupimwa mapema mno: daktari anayekadiria mkono ambao bado una plasta anabahatisha. Ukileta ripoti ya daktari wa pili, inayoshinda hoja ni ile inayoeleza kiungo kinapinda kiasi gani na kazi gani haiwezekani tena. Ile inayotaja asilimia kubwa bila sababu haisaidii.

Pingamizi hupelekwa kwa Mkurugenzi ndani ya siku 60, na hapa pana mtego: siku hizo zinahesabiwa tangu Mkurugenzi atoe uamuzi, si tangu wewe uupate. Barua iliyokaa wiki tatu kwenye droo ya ofisi ya mwajiri imekula wiki zako tatu. Pingamizi liwe fupi: uamuzi gani, kosa liko wapi, unataka nini badala yake. Ambatisha vielelezo, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mwajiri pia ana haki hiyo hiyo, basi usishangae naye akipinga.

Mkurugenzi anatakiwa kujibu kwa maandishi, na sababu, ndani ya siku 14. Kimya kikizidi, andika barua ya kukumbusha, nayo igongwe mhuri. Jibu likija, andika juu yake tarehe uliyolipokea, kwa sababu siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi zinaanzia hapo. Kwenye ofisi ya DOSH unaweza kujisimamia; kwenye rufaa, tafuta wakili.

Kutolipwa ni jambo jingine kabisa. Ikiwa hakuna aliyepinga na siku 90 za mwajiri au bima kulipa zimepita, shida yako sasa ni utekelezaji. Sheria haikueleza vizuri namna ya kuutekeleza uamuzi wa Mkurugenzi, na majaji wenyewe wametofautiana kuhusu njia ipi ifuatwe. Muone wakili mwenye uzoefu wa kesi za WIBA mapema. Wakati huohuo, usitie sahihi karatasi yoyote ya "malipo ya mwisho" inayoletwa na mwajiri pamoja na bahasha ya pesa taslimu.